Mfinyanzi wa Gulfton

Kwa miaka kumi na sita aliyokaa Houston, Gaudiose hakumwambia mtu kwamba anajua kufinyanga. Majirani wa mtaa wa Gulfton walimjua kama mama wa ghorofa ya pili anayefua mashuka hotelini, anayeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya Kiswahili, mjane wa Méthode aliyekuwa dereva wa foklifti ghalani. Warundi wenzake walijua pia kwamba alitoka pande za Ruyigi akapitia kambi za Kasulu, Tanzania, kama wengi wao. Walipomuuliza anatoka kilima gani, maana Burundi mtu hujulikana kwa kilima alichozaliwa, alitaja kilima cha mumewe. Swali likizidi kuchimba, alikumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Sababu aliijua yeye na marehemu Méthode tu. Gaudiose ni Mtwa. Kwao Watwa ndio waliokuwa wafinyanzi, na watu waliopika maharage yao katika vyungu vya Watwa hawakukubali kunywa na Mtwa kikombe kimoja. Méthode alikuwa Mhutu. Alipomwoa Gaudiose kule kambini, dada zake hawakuja arusini, na mama yake mzazi aliacha kula chochote kilichotoka kwenye jiko lao. Basi siku walipopanda ndege kuja Marekani, Annick akiwa mtoto wa miaka mitano amelala katikati yao, Méthode alisema kwa sauti ya chini, “Tunakokwenda hakuna anayekujua. Tuanze upya.” Aliyasema kwa mapenzi, na Gaudiose akayapokea kwa mapenzi. Warundi waliowakuta Gulfton walikuwa wametoka kambi nyingine. Siri ikakaa. Annick alikua bila kuijua, na Méthode alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, ikabaki na mtu mmoja.

Annick alikwenda kusoma chuo Arlington, karibu na Dallas, anataka kuwa mwalimu wa historia. Mwezi wa tatu mwaka huu alimpigia mama yake simu. Nyumbani kwao walizoea kuongea hivi: mama anasema Kiswahili cha kambini na Kirundi ndani yake, mtoto anajibu Kiingereza. Lakini Annick akiwa na jambo la kuomba hujikaza kwa Kiswahili, na siku hiyo alijikaza.

“Mama, darasa letu tunaenda jangwani, mbali kabisa, karibu na New Mexico. Kuna makaburi ya watu wa kale, miaka karibu elfu moja. Wametuambia tunaweza kuja na familia.”

“Makaburi?” Gaudiose alicheka. “Nipande basi kutoka Houston kwenda kuangalia makaburi ya watu nisiowajua?”

“Siku ya pili kuna mama atatufundisha kufinyanga vyungu kama walivyofanya wao. Please, mama.”

Tangu baba yake afariki, Annick alikuwa hamwombi mama yake kitu, kana kwamba anaogopa kumwongezea mzigo. Gaudiose alisema atakuja.

Dallas alipokelewa na Kagendo, nesi Mkenya anayekaa DeSoto, ambaye mwanawe Lenny alisoma darasa moja na Annick. Wanafunzi walitangulia na basi la chuo. Kagendo aliamua kwenda na gari lake, naye Annick akabaki ili wapokezane usukani.

“Karibu sana, mama Annick,” Kagendo alisema akimkumbatia. “Huyu msichana wako kupika hajui, lakini ku-drive, ai, anajua! Tutafika tukiwa hai.”

Walisafiri siku nzima. Baada ya Abilene miti ilipungua, ikawa mifupi, mwishoni ikawa vichaka vya miiba. Pampu za mafuta zilipiga magoti na kuinuka mbali mashambani. Gaudiose alikaa nyuma akiangalia nje. Udongo ulikuwa umebadilika rangi, kutoka mweusi hadi mwekundu, kutoka mwekundu hadi kijivu, na bila kutaka alijikuta anaupima kwa macho: huu una mchanga mwingi, huu utapasuka, huu labda. Hakuwa amefanya hivyo kwa miaka mingi. Alijikemea kimoyomoyo akaomba wafungue redio.

Mahali penyewe palikuwa chini ya mlima wa mawe, kwenye pango lisilo refu, lenye paa la jiwe lililojitokeza mbele kama baraza. Mwongozaji, mwanamume mpole aliyeitwa Sheldon, aliwaomba wasipige picha. Aliwaeleza kwamba mifupa haikuwepo tena. Wenyeji ambao ni wazao wa watu wale walikuwa wameiomba muda mrefu, wakarudishiwa, wakaizika upya mahali wanapopajua wao. Kilichobaki pangoni ni ardhi iliyosawazishwa, mawe machache, na upepo.

“Tumekuja mwendo wote huu kuona mahali ambapo hakuna kitu,” Kagendo alinong’ona, kisha akaona uso wa mwenzake akanyamaza.

Katika nyumba ndogo ya makumbusho, chini ya mlima, kulikuwa na mabakuli yaliyofinyangwa kwa mfano wa yale ya kale, na mchoro ukutani. Mchoro ulionyesha mtu amekunjwa magoti kaburini, na bakuli limefunikwa juu ya uso wake. Kwenye kitako cha bakuli palikuwa na tundu, limetobolewa makusudi. Sheldon alisema wataalamu wanabishana kuhusu tundu lile. Wengine husema bakuli liliuawa ili limfuate mwenyewe, wengine husema ni njia ya pumzi. Annick alimtafsiria mama yake neno kwa neno, akijivunia kazi hiyo, mpaka alipogeuka akakuta mama yake amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono mdomoni.

“Mama! Unaumwa?”

“Siumwi.”

“Umelia.”

“Ni vumbi la huku,” alisema Gaudiose, akainuka akajipangusa sketi. Kagendo alimpa maji na kumshika mapigo ya moyo kwa vidole viwili, kwa mazoea ya kazi yake, lakini hakumuuliza kitu.

Asubuhi ya pili walikaa nje ya makumbusho, chini ya kivuli cha bati, kwenye meza ndefu. Mwalimu wao alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, Herlinda, mzaliwa wa pande hizo, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa msuko mmoja. Bibi yake alikuwa mfinyanzi, alisema, na bibi wa bibi yake pia. Aliwagawia kila mtu donge la udongo na kipande cha chungu kilichovunjika cha kukalishia kitako cha chungu kipya.

Gaudiose alipanga kukaa tu na kutazama. Alikaa akitazama kwa dakika kama kumi. Wanafunzi walikuwa wakibonyeza udongo kama unga wa chapati, Lenny ametengeneza kitu kama kiatu, na Kagendo alikuwa akimwaga maji mengi mno. Donge la Gaudiose lilikaa mbele yake. Alilinusa. Lilikuwa na harufu ya bonde baada ya mvua, ile ile ya asubuhi alipokuwa akishuka na mama yake kinamasini, mama ametangulia na kikapu, wakivuka umande na kuimba ili kuwafukuza nyoka. Mama yake alikuwa na desturi ya kuonja udongo kwa ncha ya ulimi kabla ya kuuchimba, akitema na kusema, “Huu bado mtoto,” au, “Huu tayari.” Gaudiose alichukua punje akaionja.

Baada ya hapo hakusubiri mtu amfundishe. Alilikanda donge kwa kiganja cha mkono, akatoa vijiwe viwili, akalipiga juu ya meza mara tatu. Alikalisha kitako, akasokota udongo uwe kamba nene, akaizungusha, akaibana na kuivuta juu kwa vidole, akaizungusha nyingine. Meza ilikuwa ya juu mno, basi alishuka akapiga magoti chini, akawa anazunguka yeye badala ya chungu, anarudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje. Chungu kikapanda, kikatanuka tumbo, kikajikunja shingo. Alichuma jani refu la mmea wa jangwani uliokuwa hapo karibu, akalichana nyuzi, akazisuka haraka kikamba kifupi chenye mafundo, kisha akakiviringisha kwenye bega la chungu. Pakabaki mistari midogomidogo kama nyayo za ndege.

Alipoinua kichwa, meza nzima ilikuwa ikimtazama. Herlinda alikuwa amesimama karibu naye. Alisema maneno machache kwa Kiingereza, na Annick akatafsiri taratibu, macho yake yamemganda mama yake.

“Anauliza nani alikufundisha.”

Gaudiose angeweza kusema chochote. Angeweza kusema alijifunza kambini, kwenye mradi wa wazungu, na mambo yangeishia hapo.

“Mwambie mama yangu,” alijibu. “Na hayo mafundo ni yake. Kila nyumba ilikuwa na mafundo yake. Ukikuta kigae sokoni unajua ni cha nani.”

Annick alitafsiri. Herlinda akainama, akagusa ile mistari kwa kidole kimoja, akasema tena.

“Anasema bibi yake pia alikuwa na alama yake. Anauliza kama mama yako yuko hai.”

Ndipo Gaudiose akasimulia, akiwa bado amepiga magoti, mikono imejaa udongo. Alisimulia mwaka ule wa vita, yeye akiwa na miaka kumi na mitano, walivyokimbia kuelekea Tanzania, mama yake akikataa kuacha chungu kidogo cha uji ambacho alikifunga mgongoni kama mtoto. Siku ya nne homa ilimzidi. Kaka yake Gaudiose alichimba kwa panga na kwa mikono, kando ya njia, mahali penye majani marefu. Chungu kilikuwa kimeingia ufa njiani, hakikufaa kubeba maji tena. Kaka yake alikifunika juu ya kaburi, mdomo chini, ili siku wakirudi wapatambue. Hawakurudi. Kaka yake alifia kambini, na Gaudiose asingeitambua ile njia hata ungempa ramani.

“Jana nilipoona ile picha,” alisema, “niliona wamemfunika kama sisi tulivyomfunika mama.”

Annick alianza kutafsiri akashindwa. Ni Kagendo aliyemalizia, kwa sauti ya nesi anayetoa habari kwa familia, wazi na bila haraka. Herlinda alikwenda ndani akarudi na kitambaa chenye maji, akapiga magoti kwa shida, akawa anakifunika chungu cha Gaudiose kisikauke kwa upepo.

Walipokuwa wakirudi, Annick alikaa nyuma na mama yake, Kagendo akaendesha. Kilomita nyingi zilipita.

“Kwa nini hukuniambia unajua kufinyanga?” Annick aliuliza, na safari hii hakuchanganya Kiingereza hata kidogo.

“Ningekuambia hilo, ungeuliza la pili.”

“La pili ni lipi?”

Gaudiose alimweleza. Alimweleza Mtwa ni nani, na dada za baba yake walikuwa watu gani, na kwa nini bibi yake hakuwahi kumbeba akiwa mchanga. Alimweleza Méthode alivyokula sahani moja naye mbele ya watu wote siku ya arusi yao, akitafuna polepole makusudi ili wamwone. Annick alisikiliza akiangalia nje. Mwishowe alisema, “Kwa hiyo mmenificha mimi mwenyewe.”

“Tulitaka usitemewe mate.”

“Najua. Lakini nimekasirika, mama.”

“Kasirika tu. Una haki.”

Kagendo aliwaangalia kwenye kioo, akaongeza mwendo, akasema: “Mimi nikistaafu nafungua duka la vyungu. Mama Annick ni fundi, mimi ni meneja.” Hakuna aliyecheka, lakini Annick aliegemeza kichwa begani kwa mama yake na kulala mpaka Weatherford.

Hasira ya Annick ilichukua karibu mwezi. Alipiga simu, akaongea mambo mafupi, akakata. Kisha Jumamosi moja alipiga akauliza, “Vyungu vilichomwaje?” Gaudiose akaelewa kwamba wamepatana.

Mwezi wa tano alipata likizo ya wiki moja, akaenda DeSoto kwa Kagendo, mwenye ua mkubwa. Kwanza alijaribu udongo mweusi wa pale pale uani. Chungu kilipasuka kabla hakijakauka. Herlinda alikuwa amempa ndoo ya udongo wa kule, lakini ulihitaji kuchanganywa na vigae vilivyotwangwa, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Gaudiose alikwenda dukani akanunua chungu cha maua, kizima, chekundu, akakifunga kwenye gunia na kukiponda kwa nyundo.

“Umenunua chungu ili ukivunje utengeneze chungu?” Kagendo alisimama mlangoni na sare yake ya kazini. “Mama Annick, hapo nimekwama.”

“Bila kigae cha zamani, kipya hakivumilii moto,” alimjibu akiendelea kuponda.

Kinyesi kikavu cha ng’ombe walikipata kwa mfugaji mmoja njia ya Waxahachie, magunia mawili, wakayabeba ndani ya gari safi la Kagendo madirisha yamefunguliwa yote. Vyungu vilikaa kivulini siku tano. Siku ya sita, asubuhi, Gaudiose alivipanga katika pipa la chuma ambalo Kagendo hulitumia kwa nyama choma, akavifunika kwa nyasi kavu na kinyesi na vijiti, akawasha kutoka juu. Annick alikuja kutoka Arlington akakaa naye hapo, wakibadilishana kuangalia moto. Gaudiose alimwonyesha rangi ya moshi, lini uongeze, lini uache. Alimwonyesha jinsi ya kumsalimia mfinyanzi anayechunga moto: humpi mkono, unakaa tu kando yake. Annick aliandika kwenye simu yake, kisha akaiweka pembeni akawa anatazama.

Vyungu vilikuwa vinne. Kimoja kilipasuka ndani ya moto kwa mlio kama bunduki, wote wakaruka. Cha pili kilitoka na ufa. Viwili vilipona. Gaudiose alivigonga kwa kucha vikalia vizuri, akampa Kagendo kimoja, kingine akakifunga kwa taulo akarudi nacho Houston, amekipakata katika basi saa zote nne.

Mwezi wa saba ilitimia miaka minne tangu Méthode afariki. Baada ya misa ya kumwombea, Warundi na Wakongo wa kwaya walikuja nyumbani Gulfton kula. Gaudiose alipika wali na nyama katika sufuria, lakini maharage aliyapika katika chungu. Alikiweka katikati ya meza, na kabla ya sala ya chakula alisimama akasema kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili ili Wakongo nao wasikie: “Chungu hiki nimekifinyanga mimi. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mimi ni binti wa wafinyanzi. Asiyetaka, wali upo.”

Warundi walielewa mara moja. Mama mmoja aliyekuwa akimsuka Gaudiose nywele kila mwezi alichukua wali na nyama, akala nusu, akasema ana zamu kazini. Hakurudi tena kumsuka. Wengine wawili walizungukazunguka chungu wasijue pa kuweka macho. Wakongo walijipakulia, maana walikuwa na njaa.

Mzee Nestor alikuwa mkubwa kuliko wote pale, miaka sabini na nane, naye pia mtu wa pande za Ruyigi, amekaa kwenye kochi na fimbo yake. Aliomba chungu kisogezwe karibu. Alikitazama bega, mistari ile ya mafundo, akakigonga kwa kucha, akasikiliza. Kisha akanyoosha sahani yake, Annick akampakulia. Alikula yote, na watu wakawa wanamngoja.

“Walikuwa wanapita kwetu,” alisema mwishowe. “Mwezi wa sita, mavuno yakiisha. Wanawake kwa wanaume, vyungu vichwani, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Mama yangu alikuwa anajaza chungu maharage mpaka mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa bei: unachukua chungu, unatoa maharage yaliyokijaza.” Alifuta mdomo. “Halafu aliwapa chakula. Lakini nje, kwenye jani la mgomba. Na mimi ndiye niliyetumwa kuwapelekea, nilikuwa naliweka chini nakimbia. Niliambiwa nisiguswe.”

Gaudiose alisimama na mwiko mkononi.

“Walikuwa wanasema asante,” Nestor aliendelea. “Mimi nilikuwa siitikii.” Akamtazama. “Nisamehe, mama Annick.”

“Ulikuwa mtoto, mzee.”

“Nilikuwa mtoto mpaka lini?” aliuliza.

Akanyoosha sahani tena. Gaudiose alimpakulia mwenyewe, akavuta kiti, akaketi mbele yake na sahani yake magotini.

“Kwenu ni upande gani wa soko la Ruyigi?” alimuuliza.

“Juu, kwenye mikaratusi. Ukitoka misheni unapita kisima cha masista.”

“Ninakijua. Tulikuwa tunapumzikia hapo. Tunatua mizigo.”

“Halafu unashuka unavuka kijito, kuna mawe matatu.”

“Manne,” alisema Gaudiose.

“Matatu, mama. Nimeyavuka maisha yangu yote.”

“Yalikuwa manne. La nne liko chini ya maji, ukiwa na vyungu kichwani lazima ulijue.”

Mzee Nestor aliweka kijiko chini akafumba macho, akawa anavuka, akihesabu kwa midomo. Annick alikuja akakaa kwenye mkono wa kochi, akawauliza kijito hicho kiliitwaje, na wote wawili wakaanza kumjibu kwa pamoja.